Bunduki Nyepesi ya Zamani: Itazame Chini ya Mbao

Bunduki nyepesi ya zamani ya kuwindia hujiuza yenyewe. Mwenye nayo hana haja ya maneno mengi. Anaitoa kabatini, anaifunua kitambaa, anakukabidhi, na mkono ukishaipima umekwisha kazi. Kilo tatu tu, mtutu mwembamba kama fito, mbao ya mjozi iliyolainika kwa kushikwa miaka sitini. Kuanzia hapo utaona kile unachotaka kukiona. Ndiyo maana sisi tuliozoea kukagua bunduki za mkono wa pili hapa Tanga tuna utaratibu ambao wageni huuona kama utovu wa adabu: mikono inakaa mfukoni mpaka kitabu kiwe mezani.

Kitabu ni leseni ya umiliki. Jina lililomo liwe la huyu anayeuza, si la kaka yake wala la baba yake. Namba iliyoandikwa isomwe tarakimu moja moja dhidi ya namba iliyochongwa kwenye chuma, na kaliba iliyoandikwa, yaani upana wa tundu, iwe ndiyo iliyoko kwenye mtutu. Bunduki nyingi za zamani zina namba zaidi ya mahali pamoja: kwenye mwili wa chuma, kwenye mtutu, kwenye bolti, yaani kile chuma cha kuvuta kinachofunga nyuma ya mtutu. Zikitofautiana, kuna kipande kilichobadilishwa, na bolti ya kuazima ni jambo la hatari tutakalolirudia. Namba iliyosuguliwa kwa tupa haina mjadala. Vaa viatu uondoke.

Tatizo linalojitokeza mara nyingi zaidi ni bunduki ya marehemu. Unakaribishwa sebuleni, chai inaletwa, mazungumzo yanakwenda hivi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ni ya mzee, tangu enzi za mkonge."

"Na kitabu chake, mama, kipo?"

"Kitabu alikuwa nacho mwenyewe."

Hapo biashara ya siku hiyo imefungwa, hata chai haijapoa. Leseni hairithiwi pamoja na kabati. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, silaha inahamishwa kwa idhini, si kwa kupeana mkono, na familia iliyobaki na bunduki uvunguni inapaswa kwanza kwenda kutoa taarifa polisi. Msaidie mama afike kituoni, bunduki ihifadhiwe huko, kisha wewe uanze maombi yako kuanzia serikali ya mtaa au kijiji, upande wilayani na kuendelea. Ni safari ndefu. Usilipe fedha yote mwanzoni mwake. Mwenye haraka ya kulipwa kabla ya karatasi kukamilika ana sababu zake.

Na leseni ya kumiliki si leseni ya kuwinda. Uwindaji una sheria yake ya mwaka 2009, una vibali vyake, maeneo yake na misimu yake. Saadani na Mkomazi, ambazo watu wa mkoa huu huzitaja kwanza wakisikia neno wanyama, ni hifadhi za taifa. Huko hakuna kuwinda.

Baada ya kitabu, swali ni risasi. Tunaliweka mbele ya hali ya mtutu, mbele ya uzuri wa mbao, mbele ya bei. Bunduki isiyo na risasi inayopatikana kihalali ni pambo la ukutani, na sheria haikuruhusu hata kuitundika. Nenda kwenye duka lenye leseni, Dar es Salaam ikibidi, uulize kwa jina kamili la risasi, si kwa jina la bunduki. Uliza wanayo sasa hivi dukani, si kama wanaweza kuagiza.

Pwani hii ilipokea bunduki za makabila mawili, na majina yao yanachanganya. Novemba 1914 vita vilipopiganwa hapa mjini, upande wa Wajerumani bado ulikuwa na askari wengi wenye bunduki za muundo wa 1871, za baruti nyeusi inayofuka moshi, na Waingereza walipoondoka waliacha nyuma mamia ya bunduki za kisasa pamoja na shehena kubwa ya risasi. Ndivyo ilivyoendelea baadaye pia: za Kijerumani zinahesabiwa kwa milimita, za Kiingereza kwa inchi. Kwa hiyo 7x57 ya Mauser na .275 ya Rigby ni risasi moja yenye majina mawili. Watu wameacha bunduki nzuri kwa kudhani risasi yake imekwisha duniani, kumbe imekaa dukani kwa jina la Kijerumani.

Mkanganyiko wa 8x57 ni mbaya zaidi kwa sababu unaumiza. Zipo mbili. Ya kwanza, inayoandikwa J au I, ina kichwa, ile sehemu inayoruka, cha upana wa inchi .318, yaani kama milimita 8.08. Ya pili, JS au IS, ina kichwa cha .323, kama milimita 8.20. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, na ya pili huingia kwenye chemba (pale risasi inapokaa) ya bunduki nyingi za kwanza bila kulalamika. Inapofyatuliwa, kichwa kipana kinalazimishwa kupita tundu jembamba, na shinikizo linapanda kupita kiasi alichokikusudia mtengenezaji. Bunduki za kuwindia zilizotengenezwa Ujerumani kabla ya vita vya pili nyingi ni za tundu jembamba. Usiamini maandishi peke yake. Fundi achukue chubwi ya mvuvi, ile ya madini laini ya risasi, aipitishe kwa nyundo ya mbao ndani ya mtutu uliopakwa mafuta, bunduki ikiwa tupu na bolti imetolewa, kisha aipime kwa kalipa. Ni kazi ya nusu saa.

Kuhusu ukubwa: bunduki nyepesi ni ya swala, mbawala, tohe, nguruwe pori, ngiri, hata kuro kwa mkono uliotulia. Si ya nyati. Kwa nyati kiwango kinachotumika ni .375, na .375 ndani ya kilo tatu ni adhabu. Na upande wa chini, kinachoitwa "ishirini na mbili", yaani .22, hakifai kwa swala hata kiwe na shabaha ya ajabu.

Sasa zenyewe. Ukisikia bunduki nyepesi ya zamani inauzwa ukanda huu, mara nyingi itakuwa moja ya aina tatu au binamu zao.

Mannlicher-Schönauer ya Austria, muundo wa 1903, ndiyo inayopendeza kuliko zote. Mbao yake inafika mpaka mdomo wa mtutu, mtutu ni sentimita 45 hivi, na magazini yake ni ya kuzunguka: risasi tano zinalala kwenye gurudumu dogo la chuma, na bolti inateleza kana kwamba imepakwa asali. Ila risasi yake, 6.5x54, ilibuniwa na kichwa kirefu cha mviringo cha nafaka 160, kama gramu 10.4, na lile gurudumu lilichongwa kwa urefu huo. Ukiweka kichwa kifupi chenye ncha kali, risasi inachezacheza ndani na kukwama njiani. Tena mkono wa bolti hupita katikati ya mwili wa chuma uliopasuliwa kwa juu, kwa hiyo kufunga darubini ni kazi ya fundi bingwa na kitako kilichongwa kwa jicho linalolenga chini kwenye mtutu, si juu kwenye darubini. Na ile mbao ndefu, kwa hewa ya Tanga, ndiyo mzizi wa matatizo yatakayoelezwa mbele.

BRNO ya Chekoslovakia, ile ya miaka ya mwishoni mwa 1940 na ya 1950, ndiyo tunayoipendekeza mara nyingi. Namba 21 ina mbao nusu, namba 22 ina mbao nzima. Mwili wake ni wa Mauser uliopunguzwa, juu una mapande mawili bapa yenye njia ya kubania darubini, na kucha ndefu pembeni ya bolti inashika ganda tangu linapotoka magazini mpaka linapotupwa nje. Ina triga mbili: ya nyuma inategwa, ya mbele ikiguswa tu inafyatua. Mtu asiyeizoea hufyatua kabla hajalenga. Na kuna jingine: kwenye baadhi ya BRNO za zamani loki ya usalama hufanya kazi kinyume, ukiisukuma mbele umefunga, ukiivuta nyuma umefungua. Aliyejifunzia bunduki nyingine ataifungua akidhani ameifunga. Jaribu, hakikisha, na ikiwa bunduki itashikwa na watu wawili, wote wajue.

Ya tatu ni Winchester Model 70 Featherweight ya Marekani, iliyoanza 1952. Mtutu wa inchi 22, uzito chini kidogo ya kilo tatu, na ili kupunguza gramu walitengeneza ulinzi wa triga na kifuniko cha chini kwa aluminiamu. Wanaojua hutafuta zile za kabla ya mabadiliko ya 1964. Zilizokuja baadaye mwaka huo zinaanzia namba 700,000. Kwa mtu wa bara aluminiamu ile haina shida. Kwa mtu wa Raskazone au Pangani, aluminiamu iliyobanwa kwa skrubu ya chuma penye chumvi hutoa unga mweupe kuzunguka skrubu, na chini ya huo unga kuna shimo.

Tunafika mezani. Tandika kitenge cheupe au taulo, si kitu cheusi, maana utataka kuona kinachodondoka. Fungua bolti, tazama chemba, ingiza kidole uhakikishe ni tupu. Hili hufanywa hata kama muuzaji amekwisha kulifanya mbele yako. Kisha mwambie kwa upole: "Mzee, niruhusu niitoe kwenye mbao." Jibu lake litakuambia mengi. Anayekataa kwa sababu anaogopa skrubu zake kuharibiwa ana haki, mwache azifungue mwenyewe kwa bisibisi yake. Anayekataa kabisa, nawe kataa kabisa.

Kwa nini chini ya mbao? Kwa sababu juu kila mtu anafuta. Miaka sitini ya vitambaa na mafuta imepita juu ya ule mstari ambapo chuma kinakutana na mbao. Chini yake huenda bisibisi haijafika tangu bunduki ishuke melini. Jasho la kiganja hutiririka kwenye ule ufa, unyevu wa kusi unakaa, mbao inaushika kama sponji na kuubana kwenye chuma. Tumekutana na bunduki yenye rangi ya bluu-nyeusi safi juu na chini imetafunwa kama ukingo wa mabati ya bandarini. Kwa macho, mtutu ukiwa nje, utauona mstari ule kabisa: juu nyeusi, chini kahawia, na mpaka kati yake umenyooka kama uliopigwa rula.

Futa sehemu ya chini kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Kama kahawia inatoka na chuma kinabaki laini, ni kutu ya juu tu, inafutika. Pitisha ukucha. Ukucha ukikwama kwenye vishimo, uliza ni vingapi na viko wapi. Vishimo kwenye mtutu mbele, mbali na chemba, ni ubaya wa sura. Vishimo kuzunguka chemba, ambako shinikizo ni kubwa na kwenye bunduki nyepesi kuta zimepunguzwa makusudi, ni sababu ya kurudisha fedha mfukoni. Uzito uliopunguzwa ulipunguzwa mahali fulani, na mahali hapo hapana chuma cha akiba.

Mbao nayo iangaliwe ikiwa tupu. Kuna sehemu mbili zinazopasuka. Moja ni nyuma kabisa ya mkia wa chuma, pale kitako kinapoanza kuwa chembamba kwa ajili ya kiganja. Ufa wa hapo huanza mwembamba kama unywele na hufunikwa na mafuta na uchafu. Bana kitako kwa mikono miwili kama unayekamua nguo, taratibu, na utaona mafuta yakitoka au ufa ukifunguka. Nyingine ni ukuta mwembamba kati ya tundu la magazini na tundu la triga. Sababu ni moja: chuma kinarudi nyuma kila kinapofyatua, na ile ngazi ya mbao inayotakiwa kupokea msukumo imelika au imeoza kwa mafuta, basi mkia wa chuma unaigonga mbao kama patasi. Ufa mpya wa sentimita mbili fundi anaweza kuuziba kwa gundi ya epoksi, akaijenga upya ile ngazi na kuacha nafasi ya nusu milimita nyuma ya mkia. Ufa uliozunguka mpaka upande wa pili unataka mbao mpya, na mbao mpya ya mjozi haipatikani Ngamiani.

Tazama vichwa vya skrubu pia. Vilivyotafunwa vinasimulia fundi asiye na bisibisi ya saizi. Maandishi ya kiwandani yaliyofifia na kona zilizokuwa kali sasa zimekuwa za mviringo: bunduki ilipigwa msasa ili kuficha kutu, kisha ikapakwa rangi upya. Inang'aa kuliko umri wake.

Ndani ya mtutu, sharti moja: ukaguliwe mkavu. Mafuta huziba vishimo na kung'aa kama chuma kipya, na muuzaji mjanja anajua. Pitisha vitambaa mpaka kimoja kitoke safi, elekeza chemba kwenye mwanga wa dirisha, toa bolti, tazama kutoka nyuma, kisha kutoka mbele. Mifereji ya mzunguko iwe na kingo. Sentimita kumi za kwanza kutoka chemba ndizo zinazochakaa kwa moto wa baruti. Za mwisho mdomoni zinachakaa kwa fimbo ya kusafishia iliyoingizwa kutoka mbele na mtu mwenye haraka. Mdomo wenyewe uvutie pamba, uizungushe kwenye ukingo. Nyuzi zikinaswa upande mmoja pana kovu, na risasi itatoka ikiegemea. Kovu la mdomo hurekebishwa. Vishimo vya kati havirekebishwi.

Vishimo hivyo vya ndani vina chanzo ambacho watu wa pwani wangekielewa haraka kuliko wengine kama wangeambiwa. Fataki za risasi za zamani, yaani kile kidonge cha kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti, zilikuwa na klorati ya potasiamu. Ikiungua huacha kloridi ya potasiamu, ambayo ni chumvi, ndugu wa chumvi ya mezani. Inatanda ndani ya mtutu, haionekani, na inavuta maji kutoka hewani jinsi chumvi ya jikoni inavyoloa wakati wa masika. Mtu anasafisha kwa mafuta ya taa, anapaka mafuta, anaridhika. Mafuta ya taa hayayeyushi chumvi. Baada ya siku tatu kutu imeanza chini ya mafuta. Dawa ni maji ya moto, kama lita moja, yamiminwe kupitia chemba kwa mrija, siku ileile ya kufyatua. Kisha kitambaa kikavu, kisha kingine, kisha mafuta membamba. Watu huogopa kumwaga maji kwenye bunduki, ilhali hewa ya Chumbageni inamwaga maji humo kila usiku. Kama unanunua pamoja na maboksi ya risasi za zamani, chukulia zote ni za fataki hiyo.

Kwa bolti na triga tumia risasi bandia, kamwe zisiwe za kweli, sebuleni. Ingiza moja, funga, fungua, itoke na kuruka. Rudia tano kutoka magazini, polepole mara moja na kwa nguvu mara moja. Kisha usalama: bunduki tupu, tega, funga loki, vuta triga kwa nguvu, achia, fungua loki. Ikilia "ka" wakati wa kufungua loki, triga imechakaa au imechezewa, na hiyo ndiyo bunduki inayofyatuka yenyewe mtu anaposhuka kwenye pikipiki. Tega tena, loki wazi, gonga kitako sakafuni juu ya ndala. Isifyatuke. Ile bolti yenye namba tofauti ipelekwe kwa fundi mwenye geji ya kupima nafasi kati ya uso wa bolti na chemba. Nafasi ikizidi, ganda linanyooka na kupasuka karibu na kitako chake, na moto unarudi usoni. Bila geji, bolti ya kuazima isifyatuliwe.

Uzito sasa. Pima kwa mizani ya kuning'iniza ya soko la samaki, ikiwa na kila kitu utakachobeba. Kilo tatu za muuzaji ni za bunduki uchi. Darubini ya kawaida na vibanio vya chuma ni gramu 400 mpaka 600, mkanda kama 150, risasi tano za 7x57 kama 120. Umefika kilo tatu na robo tatu kabla hujatoka nyumbani. Kama ni hivyo, tofauti yako na bunduki ya kawaida isiyo na darubini haipo tena, na alama za kulengea za chuma zilizokuja nayo huenda ndizo zinazokufaa kwa vichaka vya Handeni, ambako mnyama huonekana kwa mita 60 au 80 kisha haonekani.

Upande wa pili wa wepesi ni teke. Risasi ikibaki ileile na bunduki ikatoka kilo nne kuwa tatu, nguvu ya teke inapanda kwa theluthi. Hakuna ufundi wa bega unaobatilisha hesabu hiyo. 7x57 katika kilo tatu inapiga kwa joule 20 hivi; .30-06 katika uzito uleule inapita 30. Ya kwanza unaizoea. Ya pili inamfundisha mtu kufumba jicho, na akishajifunza hilo hulikosa hata gunia. Vitako vya zamani vina bamba jembamba la chuma au la pembe mwishoni. Weka soksi ya mpira ya kuvalisha badala ya kukata mbao, maana kitako kilichokatwa hakirudi na thamani inaondoka na kile kipande.

Shabaha ijaribiwe mahali palipoidhinishwa, mwenye leseni akiwepo na bunduki ikiwa mikononi mwake kisheria. Watu hufanya kosa moja hapa: wanafyatua tano mfululizo, wanaona tundu la tatu limehama, wanasema bunduki mbovu. Mtutu mwembamba ukipata moto unajikunja kidogo, hiyo ni tabia yake. Mnyama anapigwa kwa risasi ya kwanza kutoka mtutu wa baridi. Kwa hiyo mita 100, risasi tatu, dakika kumi kati ya moja na nyingine, bunduki ikae kivulini. Zikiingia ndani ya sentimita sita inatosha kabisa kwa kazi hii. Karatasi iwekwe. Rudi siku nyingine, asubuhi nyingine, karatasi ileile. Tundu la kwanza la siku ya pili liko wapi? Likiwa pamoja na yale mengine, una bunduki. Likiwa limehama kiganja kizima kulia, mbao inasukuma mtutu.

Na hapa ndipo mbao nzima ya Mannlicher na ya BRNO 22 inapowasumbua watu wa Tanga kuliko wa Dodoma. Mbao huvimba masika na kusinyaa kaskazi ikivuma. Skrubu zilizobanwa vizuri Aprili zinalegea Januari bila mtu kuzigusa. Shabaha iliyowekwa Januari si ya Mei. Pitisha ukanda wa karatasi ya daftari kati ya mtutu na mbao uone unakwama wapi. Kwa mbao nusu, fundi anakwangua anapokwama. Kwa mbao nzima, anapaka ndani yake lakari au mafuta ya kitani kila mahali, mpaka ndani ya matundu ya skrubu, na kuhakikisha kile kikofia cha chuma cha mbele hakiubani mtutu. Hilo kalifanye kabla ya kuhukumu mtutu.

Ukishainunua, mwezi wa kwanza ndio wa kuijua. Usiihifadhi kwenye mfuko wa ngozi wala wa sponji. Vyote vinanyonya unyevu na kuulaza juu ya chuma. Ikae wima kabatini kunakofungwa, mdomo ukitazama chini ili mafuta yasishukie kwenye mbao, na vile vipakiti vya punje vinavyokuja na maboksi ya viatu vikaushwe vizuri kabla ya kuwekwa. Mafuta ya cherehani yanafaa. Mafuta ya nazi, ambayo nyumba nyingi huyatumia kwa sababu yapo, huchacha, na yakichacha yanageuka tindikali ndani ya bolti. Weka alama ya penseli kwenye kila skrubu na kwenye chuma kilicho jirani, uone ikisogea.

Wiki ya pili itoe kwenye mbao tena. Futa ule mstari kwa pamba nyeupe. Pamba ikitoka safi, paka nta nyembamba chini yote, rudisha, subiri mpaka kabla ya masika. Ikitoka na rangi ya tofali, kuna mahali mbao bado ina maji: iache mbao nje ya chuma siku nne ndani ya chumba kikavu, si juani, kisha futa tena.